Mwanamke wa duniani na mume wa sayari nyingine: nani mgeni kweli, na nani kapakwa rangi tu? (Uzi wa wasoma riwaya za mapenzi)

NyotaMkia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kuna nyuzi za riwaya za kijasusi, za uchawi, za mirathi, za kila aina. Hizi ninazozileta mimi naona zinasomwa kimyakimya, simu imeinamishwa ili jirani kwenye daladala asione jalada. Leo tuziongelee hadharani. Ni zile riwaya ambazo binti wa duniani anampenda mwanamume ambaye si binadamu. Vampaya na mbwamwitu siwahesabu, wale walikuwa watu kabla hawajaumwa. Nataka kiumbe aliyezaliwa chini ya jua lingine.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea. Pembe na mkia havimfanyi shujaa awe mgeni. Anakuwa mgeni pale anapomtazama binti na kumwona yeye binti ndiye kituko. Mwandishi asipothubutu kufika hapo, tumeuziwa mwanamitindo mwenye misuli aliyepakwa buluu.

Tuanze na kitabu ambacho wengi mmekisikia, Ice Planet Barbarians cha Ruby Dixon. Kilianza 2015, kikitoka vipandevipande, mwandishi akijichapishia mwenyewe kwenye Kindle, vitabu vya kielektroniki vya Amazon. Mwaka 2021 wasomaji wa TikTok wakakishikia bango, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya Berkley ikakitoa upya kwa karatasi. Kisa chenyewe: mabinti wa Marekani wanatekwa vitandani mwao, chombo cha watekaji kinapata hitilafu, wanaachwa kwenye sayari ya barafu. Georgie anatoka nje kutafuta msaada na anakutana na Vektal, jitu la buluu lenye pembe na mkia, kiongozi wa kabila ambalo lina wanawake wachache mno.

Kitu kitamu humo ni khui. Hewa ya sayari ile ina sumu, asiye na khui hamalizi siku nyingi. Khui ni kimelea kinachoingia mwilini na kukufanya uhimili hewa na baridi. Tatizo ni kwamba kimelea kina matakwa yake. Kikikutana na mtu ambaye mkizaa mtazaa watoto wenye afya, kinaanza kuunguruma kifuani, na chake kinaitikia. Ukishaungurumiwa, mwili hautulii mpaka mimba ishike. Kwa hiyo mabinti wanawekwa njia panda: pokea kimelea ukae hapa maisha, au kikatae ufe.

Hebu fikirini mwandishi alikuwa ameshika nini mkononi. Mdudu ndani ya mwili wako ndiye mshenga! Lakini Dixon hataki kututisha kwa hilo. Anaigeuza khui kuwa hati ya dhamana: haikosei, mume hatachepuka, hatakupiga, hatakuchoka ukizeeka. Naye Vektal anamshangaa Georgie kidogo tu, kwamba hana mkia na ana uso laini, kisha mshangao unakwisha na mahaba yanaendelea. Tena wanavyokutana mara ya kwanza, anamgusa mguso wa mume na mke kabla hawajaelewana hata neno moja. Wasomaji wengi wamelilalamikia hilo na wana haki.

Mtauliza mbona aina hii imefurika ghafla. Fuateni pesa. Enzi za karatasi wahariri walikuwa waoga. Warrior's Woman ya Johanna Lindsey ya 1990 ina shujaa wa sayari nyingine, lakini ukimvua upanga na ule urefu wake ni mwanamume kama wengine. Kindle ilipoingia mwaka 2007, mwandishi hakuhitaji tena kumpigia mtu magoti ili achapishwe. Mwaka 2014 Amazon wakaleta Kindle Unlimited, msomaji analipa kwa mwezi na kusoma atakavyo, na tangu Julai 2015 mwandishi analipwa kwa kurasa zilizosomwa. Ukilipwa kwa kurasa hutaandika kitabu kimoja ukanyamaza. Utaandika kabila zima, kila kijana apate mke na kitabu chake. Khui inafaa sana kwa biashara hiyo. Kitabu kikiisha, kifua kingine kinaunguruma.

Sasa njooni kwa waliothubutu.

Strange Love ya Ann Aguirre, 2020. Zylar ana gamba na makucha, na uso wake hauna mahali pa kubusu. Kwao kuna mashindano ya kila mwaka ya kutafuta mwenza, naye ameshindwa mara nne. Akishindwa tena haki ya kuoa inafutwa. Anajiandikisha kwa mawakala wa uchumba, dhoruba ya jua inaivuruga akili ya chombo chake, na badala ya mchumba aliyepangiwa anambeba Beryl Bowman, mlezi wa watoto wa chekechea kutoka Marekani, pamoja na mbwa wake. Mbwa anawekewa kifaa cha kutafsiri na anaanza kuongea! Anaitwa Snaps, na mimi nilikuwa naharakisha kurasa nimfikie yeye. Huko anakopelekwa Beryl, kulea watoto ni kazi ya heshima kubwa, kwa hiyo binti ambaye kwao alikuwa mtu wa kawaida anafika akiwa na cheo. Na ikifika faragha, hakuna kiungo kinacholingana na kiungo. Inabidi waulizane: hapa unasikia nini? Hapa je? Hakuna kimelea cha kuwajibia. Nimesoma riwaya nyingi za binadamu kwa binadamu ambazo hawaulizani hivyo.

The Last Hour of Gann ya R. Lee Smith, 2013. Hii ni bunda la kitabu. Chombo cha binadamu kinaanguka kwenye sayari ya viumbe wenye maumbile ya mjusi. Meoraq ni shujaa na hakimu wa dini yake, anasali kwa dhati, na akiwaona binadamu anachefuka. Amber ni mnene, mkali wa maneno, wenzake hawamtaki. Wanajifunza lugha polepole, kwa kukosea na kugombana, wakati kule kwa Dixon lugha inaingizwa kichwani kwa mwale wa mashine tukaendelee na mapenzi. Humu mapenzi yanachukua muda mpaka unataka kuwatikisa. Tahadhari: kina ubakaji na ukatili mkubwa. Kama huwezi, pita mbali, hakuna atakayekucheka.

Na cha tatu nakiingiza kwa nguvu, kwa sababu ni cha dunia ya kubuni, si cha anga. Radiance ya Grace Draven, 2014. Ildiko ni binti wa ukoo wa kifalme, Brishen ni mwanamfalme wa Wakai, watu wa usiku wenye ngozi ya kijivu, meno ya kuchonga na macho ya njano yasiyo na mboni. Wanaozeshwa kwa ajili ya mkataba wa falme mbili. Kabla ya harusi wanaambiana ukweli: wewe ni mbaya wa sura. Brishen anaona ngozi ya binti kama kome aliyechemshwa, na macho ya binadamu yanavyozungukazunguka yanamtia kichefuchefu. Urafiki unaanzia hapohapo, kwa kuwa hakuna aliyemdanganya mwenzie. Jambo hilo ndilo ninalolitafuta kwenye vitabu vya sayari na mara nyingi silipati.

Haya, tiririkeni.

---

Mpiga Domo

Uzi bila picha haujakamilika. Tuwekee huyo mwenye gamba.

NyotaMkia

Fungua friji utazame kamba-kochi, kisha umpe huzuni machoni.

Mzee wa Kona

Yaani dada zetu wanaume wa Tanzania nzima hawajawatosha, mpaka mwafuate mijusi? Sisi tumekosa nini, mkia?

NyotaMkia

Kaka, mlianza nyinyi. Mwaka 1952 Philip José Farmer alitoa The Lovers kwenye jarida, mwanamume wa duniani anampenda mwanamke ambaye kumbe ukoo wake ni wa wadudu walioiga umbo la binadamu. Wahariri wakubwa wa wakati ule walikikataa, kilipotoka kikampa mwandishi tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi, kama mwandishi chipukizi. Lakini angalia tofauti. Yule mwanamke ameumbwa afanane na mwanamke mrembo wa duniani, na ugeni wake ni siri inayofichuliwa mwishoni kwa msiba. Wanawake walipoanza kuandika wao, wakaacha gamba lionekane tangu sura ya kwanza.

Mzee wa Kona

Nimekuelewa. Bado nauliza kuhusu mkia.

---

Mamuu wa Tanga

Mwanangu NyotaMkia, umeandika vizuri, lakini huku kwetu pwani habari hizi si ngeni, ni vile tu hazikuwa na jalada. Jini mahaba humjui? Akimpenda binti haulizi. Binti anachumbiwa, posa inavunjika. Anaolewa, ndoa haikai. Akipelekwa kwa mganga inasemekana ana mume mwingine asiyeonekana, tena mwenye wivu. Mume huyo anataka udi, anataka manukato, anataka nguo ya rangi fulani. Hiyo khui yenu inayomkamata mtu kifuani asilale mpaka atimize, mimi nikisoma nasema hee, huyu mzungu kaambiwa na nani?

Ila sisi hatukumfanya jini kuwa kipenzi cha wasomaji. Tulimtafutia dawa.

NyotaMkia

Shikamoo Mamuu. Umenipa tofauti ambayo sikuiweka kwenye uzi. Kwa jini mahaba, kisa kinasimuliwa na waliobaki: mama, shangazi, mchumba aliyeachwa. Wao ndio wanaotaka binti arudi. Riwaya hizi zinasimuliwa na binti mwenyewe kutoka ndani, na mara nyingi waandishi wanahakikisha hana wa kumrudia duniani: mama kafariki, kazi haina maana, nyumba ya kupanga. Wamemkata kamba kabla hajatekwa, ili msomaji asiulize nani anamlilia huko nyumbani.

Mamuu wa Tanga

Marahaba. Basi hapo ndipo wanaponiudhi. Binti gani hana hata shangazi?

---

Chizi Vitabu

Nimekaa nikisubiri mtu amtaje mwandishi Octavia Butler na hakuna. Basi nimlete mimi, na nikupinge kidogo, mleta uzi.

Dawn, 1987. Dunia imejiangamiza kwa vita vya nyuklia. Lilith Iyapo anaamshwa ndani ya chombo cha Waoankali, viumbe kutoka anga za mbali, baada ya miaka kama 250 ya usingizi. Wa kwanza kumwona ni Jdahya, mwili wake umejaa minyiri midogo ya hisia, hana macho wala pua kama tunavyozijua. Lilith anafungiwa naye chumba kimoja mpaka mwili wake uache kumkimbia. Kurasa hizo ni bora kuliko zote nilizosoma za mtu kuzoea sura isiyozoeleka, na hazina hata chembe ya mahaba.

Sasa hoja yako inasema mgeni halisi ni yule anayemwona binti kituko. Waoankali hawamwoni Lilith kituko. Wanamwona hazina! Wao ni wafanyabiashara wa jeni, ndiyo maisha yao. Lilith alikuwa na saratani, wakaiondoa, na hiyo saratani wanaithamini, kwa sababu chembe zinazojizalisha bila kikomo zinaweza kuwafundisha kuotesha viungo upya. Kitu ambacho kwetu ni kilio, kwao ni mali. Huo ni ugeni unaozidi kuchefukana sura.

Halafu ndoa yao ni ya watano: mume na mke wa kibinadamu, mume na mke wa Kioankali, na katikati ooloi, jinsia ya tatu. Ooloi ndiye anayewaunganisha na kuwapa raha kupitia mishipa ya fahamu. Mkishaungana naye, wewe na mume wako wa kibinadamu hamwezi tena kugusana, ngozi inakataa. Mwishoni ooloi wa Lilith, Nikanj, anamtia mimba kwa mbegu ya mwenza wake aliyekwisha kuuawa, bila kumwomba, eti mwili wake ulikuwa tayari hata kama maneno hayakuwa.

Wenye khui zao wasome hapo. Ni jambo lilelile, mwili unaamua badala ya mwenye mwili, lakini Butler hakulifunika kwa blanketi la manyoya.

Kipepeo Mweusi

Na Bloodchild je? Hadithi fupi ya Butler ya 1984, ikatwaa tuzo za Hugo na Nebula. Hapo anayebeba mayai ya kiumbe ni kijana wa kiume. Butler aliiita hadithi yake ya mwanamume mjamzito, akasema pia ni hadithi ya mapenzi, na watu walipong'ang'ania kwamba ni ya utumwa alikataa. Aliiandika akijitibu hofu ya inzi wa Amerika Kusini anayeweka funza ndani ya nyama ya mtu, maana alikuwa anajiandaa kwenda Peru. Sisi ambao mama zetu walitulazimisha kupiga pasi mpaka soksi na nguo za ndani zilizoanikwa nje, kisa kuna inzi wa namna hiyo hukuhuku kwetu, tunaisoma huku tunajikuna.

NyotaMkia

Chizi, siondoki kwenye hoja yangu. Kuonwa hazina na mtu asiyekuuliza ni namna nyingine ya kuonwa kituko. Mwenye duka la vitu vya kale naye anavipenda vitu vyake. Ninachokubaliana nawe ni kwamba Butler hakuandika riwaya ya mapenzi, na hakutaka. Riwaya ya mapenzi ina sharti moja kubwa: mwisho mwema. Ukishaahidi mwisho mwema, msomaji anajua tangu jalada kwamba minyiri haitaua. Kwa hiyo Aguirre na Draven wana kazi ngumu ya namna yao: waniweke roho juu wakati najua wataoana.

Chizi Vitabu

Hapo sawa. Ila hilo duka la vitu vya kale nitakurudia nalo.

---

Nesi wa Zamu

Habarini. Mimi mtanisamehe, niko upande wa khui.

Nafanya kazi usiku. Kutwa, au niseme kucha, ninaamua: huyu aanze, huyu asubiri, huyu ndugu zake waitwe. Nikirudi nyumbani kuna mtoto, kuna ada, kuna mume ambaye ukimuuliza tule nini anasema chochote. Nikifungua kitabu sitaki kituko, wala sitaki watu wa kujadiliana kwa mamia ya kurasa kama hao wa mjusi. Nataka kuungurumiwa. Nataka mahali ambapo jambo limeshaamuliwa na limeamuliwa vizuri. Yule mume wa buluu anawinda, anapika, anamkanda miguu, anasubiri aambiwe. Msifanye kama ni ujinga. Msomaji anajua huo mdudu haupo.

Na kutochagua si jambo la sayari nyingine. Bibi yangu alimwona babu siku ya harusi. Hakuungurumiwa na kitu.

Mamuu wa Tanga

Nesi umesema. Mimi mwenyewe nilioneshwa picha tu, tena ya kitambo, akiwa na nywele.

Mzee wa Kona

Kwa hiyo siri ni kupika na kukanda miguu? Mngesema mapema, tungeacha kutafuta mikia.

NyotaMkia

Nesi, sikubezi hata kidogo. Nafikiri umelieleza soko lote kuliko mimi na Kindle zangu. Ninachodai ni kwamba waandishi wasituuzie faraja kwa lebo ya ugeni. Wakiandika wazi kwamba ni mume mwema aliyepakwa rangi, nanunua nikiwa najua.

---

Kipepeo Mweusi

Swali la uzalendo: kwa Kiswahili hatuna?

Chizi Vitabu

Iliyo karibu ninayoijua ni Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, kule Kenya. Dzombo anahukumiwa, anatiwa kwenye chombo kinachotakiwa kuwa kaburi lake, anakiendesha mpaka dunia nyingine, na huko anapata mwenza, Mtu-Binti. Lakini Mkangi hakutaka mwili mgeni. Alitaka siasa ngeni: nchi isiyo na unyonyaji, aoneshe aibu ya ile aliyotoka. Wenyeji wa huko wana miili kama yetu, kilichobadilika ni namna wanavyoishi. Na msafiri ni mwanamume. Binti wa Kiswahili aliyeondoka na kiumbe mimi sijamsoma kitabuni.

Mpiga Domo

Mamuu aandike. Jini mahaba kwa mdomo wa binti mwenyewe, shangazi yuko hai na anafuatilia mpaka sayarini.

Mamuu wa Tanga

Shangazi akifika huko mahari italipwa upya.

---

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakubwa, nimesoma uzi wote. Mimi sijawahi kugusa hata kimoja. Nianzie wapi?

NyotaMkia

Karibu. Anza na Radiance, ni laini na inachekesha, utajua kama unavumilia mume mwenye meno ya kuchonga. Ukiipenda, nenda Strange Love kwa ajili ya mbwa. Ukiwa umechoka kama Nesi, chukua Dixon na ufahamu unachokichukua. Gann iache mpaka uwe na likizo na moyo mgumu. Dawn usiisome ukitafuta faraja, na usiisome ukiwa mjamzito.

Mgeni wa Jukwaa

Ahsante dada. Nimeanza Radiance jana, niko kwenye mambo ya vyakula. Yeye Ildiko kawekewa mezani lile dudu la kwao linalofanana na nge, nikasema pole. Sasa huyu Brishen naona kinachomtia kinyaa ni viazi. Viazi! Mimi ni mtu wa Njombe. Hapo wazee wa pande mbili waitwe.